Kaa wa mikoko na jeni za matamvua: shajara ya mradi, Lamu

Naandika kwa ajili ya yeyote aliye mbali na maabara lakini ana nia kama yangu: kujua jeni gani inafanya kazi katika kiungo gani cha kaa wa mikoko, Scylla serrata, huyu huyu tunayempika kwa nazi. Kila seli ya kaa imebeba DNA ile ile, iwe ya gandoni au ya jichoni. Tofauti iko katika jeni zinazosomwa, na hilo hupimwa kwa kuhesabu mRNA, nakala inayotoka kwenye jeni kabla protini haijatengenezwa. Swali langu ni dogo. Kaa akitoka kwenye bahari ya chumvi kamili akaingia maji yaliyopoa chumvi, matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, yanabadilisha nini ambacho nyama ya gando haibadilishi?

Kibali cha NACOSTI (tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti) na cha watu wa uvuvi vilikuwa mkononi kabla ya tarehe ya kwanza hapa chini. Fedha ni zangu, na gharama zote nimeziweka mwishoni.

4 Septemba 2024. Kaa kumi, kisha tisa

Mwezi umeandama, bamvua kubwa. Ami yangu, ambaye anavua kaa tangu sijazaliwa, aliingia mikokoni na fimbo yake ya kulabu maji yalipotoka, akarudi na madume kumi wa karibu nusu kilo kila mmoja. Aliniuzia kwa bei anayompa dalali, shilingi 700 kwa kilo. Nilipomkumbusha kwamba mimi ni mwana wa ndugu yake alicheka tu.

Nilitaka madume peke yake kwa sababu jike anayeandaa mayai huwasha jeni ya vitelojenini, protini ya kiini cha yai, na kwa kaa jeni hiyo huwaka kwenye ini pia, si kwenye ovari tu. Kuchanganya majike wa hatua mbalimbali ni kujitafutia kelele kwenye takwimu.

Mabeseni niliyaweka kiwandani (ua wa ndani wa nyumba zetu, si kiwanda cha mashine), chini ya kivuli, na pampu ndogo za hewa za betri. Kosa la kwanza: kaa watano katika beseni moja. Usiku wa pili mmoja alijivua gamba, na kaa aliyejivua gamba ni laini kama mkate uliolowa. Asubuhi nilikuta gando moja na vipande vya gamba jipya. Sasa kila kaa ana beseni lake, na ye yote atakayeonyesha dalili ya kujivua natoa kwenye jaribio, maana kujivua gamba kwenyewe hubadilisha jeni nyingi.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Nilitaka kundi moja likae kwenye chumvi ya 35 kwa elfu, yaani bahari yenyewe, na jingine kwenye 10. Nilichanganya maji ya bahari na ya kisima kana kwamba ya kisima hayana chumvi. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ikasoma 12. Nikapima kisima peke yake: 3. Nimekunywa maji hayo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kuyapima. Kwa beseni la lita 20 hesabu sahihi ni lita 4.4 za bahari na 15.6 za kisima chetu. Wewe pima kisima chako, usichukue namba yangu.

Chumvi niliishusha kwa siku tatu, kisha kaa wakakaa siku saba. Chakula dagaa, kila jioni, na mabaki yanatolewa asubuhi.

16 Septemba. Kukata mara ya kwanza

Kaa waliwekwa kwenye barafu iliyosagwa na maji ya bahari mpaka hawakuitika tena kwa kuguswa jicho wala mguu. Nilichukua matamvua, nyama ya gando, mabua ya macho, na ile tezi laini ya manjano iliyotanda chini ya gamba, ambayo jikoni huitwa mafuta ya kaa na vitabuni hepatopankreasi. Humu nitaiita ini. Vipande vikaingia kwenye vichupa vitupu, vichupa kwenye barafu ya wauza samaki.

19 Septemba. Uji kwenye jeli

Boti ya alfajiri hadi Mokowe, basi likasubiri msafara wa askari, kisha likaharibika tulipokwisha kupita Garsen. Nilifika Mombasa baada ya magharibi nikiwa na kasha la maji baridi kiasi.

RNA (mRNA pamoja na jamaa zake za ndani ya seli) ilipopitishwa kwenye jeli, ambayo huzitenga kwa urefu, haikuonyesha mistari. Ilitoka kama moshi kutoka juu hadi chini, na ya ini haikuonekana kabisa. Sikuwa na haja ya kuuliza sababu. Vimeng'enya vinavyokata RNA viko kila mahali, kwenye jasho la vidole pia, na havifi kwa kuchemshwa kama vimeng'enya vingine. Ini la kaa ni kiungo cha kusaga chakula, limejaa vimeng'enya vya kila namna, na likishakufa linaanza kujila lenyewe. Barafu huchelewesha tu. Kwa safari ya saa kumi na mbili haitoshi.

Raundi nzima imekwenda na maji: shilingi 15,700 ukijumlisha kaa, nauli na maabara.

29 Septemba. Mmumunyo wa chumvi, na mbolea ya Mpeketoni

Dawa ya kuhifadhia RNA bila friza inauzwa, lakini chupa ndogo ilikuwa bei ambayo sikuweza hata kuitaja nyumbani. Kilichomo si siri: salfeti ya amonia nyingi mno, hadi vimeng'enya vinaganda na kushindwa kufanya kazi. Mchanganyiko unaotumiwa na maabara nyingi ni huu: maji safi mililita 935, salfeti ya amonia gramu 700, sitreti ya sodiamu ya molari 1 mililita 25, EDTA ya molari 0.5 mililita 40, kisha pH ishushwe hadi 5.2 kwa asidi ya salfuriki. Salfeti huyeyuka polepole, kwenye moto mdogo, huku unakoroga.

Hapo shetani wa ubahili akaniambia kwamba salfeti ya amonia ndiyo ile mbolea ya SA. Nilinunua kilo mbili kutoka duka la pembejeo Mpeketoni kwa shilingi 150. Ilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi, na chini yakabaki matope. Niliichuja mara tatu kwa kitambaa na mara moja kwa karatasi, bado kulikuwa na utando. Mbolea haikosi madini mengine, na madini yanaweza kuharibu hatua zote zinazofuata. Mama ameimwagia mpapai. Nikaagiza ya maabara kutoka Mombasa, pamoja na sitreti na EDTA, jumla shilingi 6,800, na zimebaki za kutosha raundi tano.

15 Oktoba. Kukata mara ya pili

Kaa kumi wapya wa bamvua ya tarehe 3, kila mmoja na beseni lake. Hakuna aliyeliwa.

Safari hii nilikuwa na binamu yangu wa kidato cha tatu akishika saa na kalamu. Kazi yenyewe ni hii. Kata mabua ya macho kwanza, yana tezi ya homoni ndani na ni madogo, ukichelewa unayasahau. Toa damu kwenye kiungo cha mguu wa nyuma kwa sindano. Damu ya kaa haina rangi ya kutisha. Ikikaa hewani kidogo inaanza kugeuka samawati, kwa sababu inayobeba oksijeni ni himosianini yenye shaba badala ya chuma. Halafu inua gamba kutoka nyuma, taratibu. Matamvua yamelala pande mbili kama vitana vya nywele vilivyopangwa, nane kila upande kwa kaa wangu wote. Mama, aliyekuwa akipita na ungo, alisimama akauliza kwa nini nayapanga kwa heshima vile, hayo ndiyo yanayotupwa.

Kila kipande kisizidi nusu sentimita kwa unene, na mmumunyo uwe mara kumi ya uzito wake. Vipande huelea, kwa hiyo kigeuze kichupa mara kadhaa saa ya kwanza. Usiku mzima kwenye friji, kisha safari. Basi lilichelewa tena na sikujali.

Kaa wawili nililipasua ini wakati wa kuinua gamba, majimaji ya manjano yakatiririka kwenye matamvua. Nilisuuza na kuendelea. Liweke akilini, litarudi.

21 Oktoba. Kosa la bei ghali kuliko yote

Kipima mwanga kilisema RNA ni safi: uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 ulikuwa karibu 2.0 kwa vichupa karibu vyote. Nikapasha sampuli moto nyuzi 70 kama mwongozo wa rangi ya kupakia unavyotaka, nikaendesha jeli, nikasubiri mistari miwili ya RNA za ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), 28S juu na 18S chini, wa juu mzito zaidi.

Ukaja mmoja. Kila kaa, kila kiungo, mstari mmoja mnene mahali pa 18S, na juu patupu.

Niliamini 28S yote imekatika na kwamba mmumunyo wangu umefeli. Nilikuwa nimechoka, nimekaa kwa watu wiki nzima. Nikatupa vichupa sita vya RNA ya ini ili nisije nikashawishika kuvitumia. Naomba usome ingizo linalofuata kabla hujatupa chochote.

24 Oktoba. Ufa uliojificha

Kilichonisumbua ni kwamba mstari ule ulikuwa mkali mno. RNA iliyooza hutoa moshi, kama ule wa Septemba. Hii haikuwa na moshi.

Fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, aliuliza kama nimewahi kuendesha jeli ya mdudu. Sijawahi. Akaniambia nijaribu bila moto.

Nikanunua samaki mmoja sokoni, tafi, mbichi kabisa, nikatoa RNA ya nyama yake. Kisha njia nne kwenye jeli moja: kaa bila moto, kaa kwa moto, tafi bila moto, tafi kwa moto. Tafi alitoa mistari miwili pote pawili. Kaa bila moto alitoa miwili pia, 28S iko juu pale pale. Kaa kwa moto, mmoja tu.

Sababu imeandikwa tangu miaka ya 1970, ila wengi wetu tulisomeshwa RNA kwa mifano ya panya na binadamu. Kwa wadudu, krustasia wengi (jamii ya kaa na kamba) na baadhi ya konokono na chaza, molekuli ya 28S ina ufa katikati tangu seli ilipoitengeneza. Nusu mbili zimeshikana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni tu. Ukipasha moto zinaachana, na kila nusu ina urefu unaokaribia 18S, hivyo zote zinarundikana mahali pamoja. RNA ni nzima. Mashine zinazotoa alama ya uzima wa RNA kwa kulinganisha 28S na 18S zitampa kaa alama ya kufeli kila siku, kwa sababu zilitungwa kwa ajili ya wanyama wasio na ufa huo.

Vile vichupa sita havirudi. Ini nimebaki nalo la kaa wanne.

11 Novemba. Akitini inanidanganya

Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni unayoitaka, jozi saba zimefika. Hatua za kawaida sitazirefusha: safisha DNA iliyobaki, geuza RNA kuwa cDNA (nakala yake ya DNA), pima kwa PCR inayohesabu, ambayo huzidisha nakala mzunguko kwa mzunguko, na kilicho kingi hujitokeza mapema. Kwa kila sampuli weka pia kichupa kisichotiwa kimeng'enya cha kugeuza. Kichupa hicho kikiwaka, unachopima ni DNA iliyosalia, si mRNA. Changu cha gando kiliwaka, nikarudia kusafisha.

Ili kulinganisha sampuli, unahitaji jeni ya rejea inayodhaniwa haibadiliki. Nilitumia akitini kwa kuwa kila makala niliyosoma inaitumia. Matokeo yakaonyesha kwamba karibu kila jeni imezimwa gandoni na inawaka sana kwenye bua la jicho, jambo lisiloingia akilini. Nikazitazama namba za akitini peke yake. Gandoni ilijitokeza mizunguko mitano mapema kuliko kwenye bua la jicho. Kila mzunguko ni kuzidisha mara mbili, kwa hiyo mitano ni mara thelathini na mbili. Bila shaka, gando ni msuli, na praima zangu zilishika akitini ya msuli pia. Nilikuwa napima kimo cha watu kwa rula inayorefuka na kufupika.

EF1α na jeni moja ya protini ya ribosomu zilitofautiana chini ya mzunguko mmoja kati ya viungo vyote vinne. Sasa natumia wastani wa hizo mbili. Kulinganisha kaa na kaa ndani ya kiungo kile kile, akitini huenda ikafaa. Kulinganisha kiungo na kiungo, iache.

Baada ya hapo picha ilikaa sawa. Himosianini inawaka inini tu, kwa nguvu. Hapa pana funzo la anayepima protini: damu ya kaa imejaa himosianini, lakini haitengenezwi na seli za damu. Ini huitengeneza na kuimwaga. Ukitafuta protini utaikuta kila palipo na damu. Ukitafuta mRNA utaikuta pale inapotengenezwa.

Na matamvua ya kaa wawili yalionyesha himosianini. Wale wawili niliowapasua ini. Kusuuza hakukutosha. Tangu leo himosianini ndiyo mlinzi wangu: tamvua lolote linaloionyesha linatoka kwenye hesabu.

12 Novemba. Matamvua hayasemi kitu

Jeni niliyoijia hasa ni ya pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayomwezesha kaa kuvuta chumvi kutoka maji yaliyopoa. Kati ya kundi la 35 na la 10, tofauti haikufika mzunguko mmoja, na kaa wa makundi mawili waliingiliana. Mwezi mzima na nusu kwa jibu la labda.

Usiku nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisoma na kulipita. Kwa kaa wa bluu wa Marekani, Callinectes sapidus, ambaye ni wa familia moja na huyu wetu, matamvua ya mbele ni ya kupumulia zaidi, na ya nyuma ndiyo yenye kazi kubwa ya kuhamisha chumvi. Mimi nilikuwa nakata yote nane, nayasaga pamoja. Sawa na kuonja sufuria ya pilau na ya maji ya kunawa kwa kijiko kimoja.

28 Novemba. Kukata mara ya tatu

Kaa kumi, bamvua la tarehe 16. Bei imepanda, nimetoa 3,900.

Mabadiliko ni haya. Matamvua manne ya mbele kichupa kimoja, matatu ya nyuma kingine, la tano nimeliacha kwa sababu sijui upande wake. Tuko wawili mezani: mimi nainua gamba na kutoa matamvua kwa mkasi wake, binamu ana mkasi wa pili na anashika ini papo hapo nikishaondoa matamvua ya upande wa mwisho. Ini haliwezi kungoja, wala haliwezi kutangulia likachafua mengine, na mtu mmoja hawezi kutatua hilo. Kutoka kuinua gamba hadi ini kuingia kwenye mmumunyo ilituchukua chini ya dakika tatu kwa kila kaa, isipokuwa wa kwanza.

Ami alikuja kutazama. Aliokota tamvua la nyuma na la mbele akayaweka kiganjani kwenye mwanga. "Ndoo uone," yaani njoo uone, akamwambia Mama. La nyuma lilikuwa zito kidogo, halina wembamba ule wa karatasi. Miaka arubaini ameyatupa yote pamoja.

9 Desemba. Nyuma si mbele

Hakuna tamvua hata moja lililoonyesha himosianini.

Matamvua ya nyuma ya kundi la 10 yalitangulia ya kundi la 35 kwa mizunguko miwili na kidogo, yaani zaidi ya mara nne ya mRNA ya pampu, na makundi hayakuingiliana. Ya mbele, tofauti haikufika nusu mzunguko. Gandoni hakuna badiliko. Kaa ni watano kwa kila kundi, madume tu, siku saba tu, usiitumie zaidi ya hapo. Nilirudi kwa sampuli za Oktoba kuona kama ningeweza kuziokoa. Haiwezekani, zilishasagwa pamoja.

20 Desemba. Fedha, na kilichobaki

Kaa wa raundi tatu 10,900. Mabeseni, pampu na dagaa 9,400. Rifraktomita 4,500. Mbolea 150. Kemikali za mmumunyo 6,800. Boti na basi, kwenda na kurudi mara tatu, 9,600. Kulala nililala kwa jamaa. Praima 11,200. Ada ya maabara na vifaa vyake 62,000. Jumla shilingi 114,550. Anayeanza leo akiruka makosa yangu anaweza kuondoa raundi mbili za kaa na safari mbili, lakini ada ya maabara haitashuka sana.

Mabua ya macho ya raundi ya tatu bado yako kwenye mmumunyo, hayajapimwa. Huko ndiko inakotengenezwa homoni inayozuia kaa kujivua gamba, na nilitaka kuona kama inabadilika kwa chumvi. Praima zake nilizichora kwa kufuata Scylla paramamosain, kaa anayefugwa sana China na ambaye mfuatano wa jeni zake unapatikana kwa urahisi. Kwa kaa wetu zimetoa mistari mitatu badala ya mmoja. Nimechora jozi mpya na kuagiza. Zikifika nitahitaji mabua kumi na mengine, na Ami ameshasema Kaskazi ikishika kaa watakuwa 800 kwa kilo.